Mwalimu Aliyesafisha Picha kwa Kahawa

"Ingia tu, Bwana Shamba. Siwezi kukupa mkono, mikono yangu iko gizani."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyosikia kutoka kwa Mwalimu, siku nilipokwenda kwake kuulizia chumba cha kupanga pale Mbinga mjini. Jirani alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kuna bwana shamba mgeni anatafuta pa kulala. Nilimkuta ameketi mkekani, mikono yote miwili imezama mpaka viwiko ndani ya vazi jeusi lenye mikono miwili lakini halina shingo. Ndani ya lile vazi kitu kilikuwa kinatembea. Macho yake yalikuwa juu darini, kama ya mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa kwenye kigoda nikangoja. Baada ya muda kikasikika kitu kikibana, tak, akachomoa mikono yake, na baada ya mikono ikatoka kamera ya plastiki ya rangi ya manjano, ile ya watoto, yenye bata usoni.

"Hii walimtengenezea mtoto achezee," akasema, akiigeuza mbele yangu. "Ukiibonyeza inalia kama bata. Sasa haitalia tena. Sasa itapiga picha."

Chumba nilikipata. Nilikaa humo miaka mingi kuliko nilivyokusudia, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa yeye.

Alikuwa amefundisha ushonaji katika kituo cha ufundi cha parokia mpaka alipostaafu, na mji mzima uliendelea kumwita Mwalimu. Wasichana aliowafundisha walikuwa wametapakaa kila mahali, na mmoja wao aliyeolewa Dar es Salaam ndiye aliyekuwa akimtumia kwa basi filamu zilizopitwa na tarehe: za kawaida, na zile za papo hapo ambazo picha hutoka kwenye kamera ikiwa nyeupe, kisha sura zikajitokeza zenyewe huku umeishika. Kamera zenyewe alizitafuta kwenye mitumba. Katikati ya marobota ya nguo huwa vinaingia vitu vya ajabu, viatu vya barafu, saa za ukutani, midoli, na wauza mitumba wa Mbinga walikwisha kujua kwamba kikionekana kitu chenye kioo na kitufe, hicho ni cha Mwalimu.

Watu hudhani fundi wa namna hii lazima awe mpole na mnyamavu. Mwalimu alikuwa anajisifu. Akimaliza kamera aliita majirani, akaiweka juu ya meza yenye kitambaa alichofuma mwenyewe, akaeleza toka mwanzo jinsi ilivyomshinda na jinsi alivyoishinda yeye. Maelezo hayo yalikuwa marefu. Ukisinzia alikugusa goti akasema, "Hapa ndipo penyewe, sikiliza." Na kusema kweli hapo ndipo palipokuwa penyewe.

Kila alichokijua kuhusu kamera alikijua kwa kupitia ushonaji. Lile vazi jeusi lisilo na shingo alilishona mwenyewe, kitambaa tabaka mbili na lastiki kwenye mikono, ili aweze kuweka filamu mchana kweupe bila mwanga kuigusa. Alipotaka kamera isiyo na lenzi, ile ambayo mwanga hupita kwenye kitundu kidogo tu, alichukua bati la kopo la soda, akalitoboa kwa sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, kisha akalisugua kwa msasa kama mtu anayempigisha mswaki mtoto mdogo. Alipohitaji kamera inayorefuka na kufupika, alikunja kitambaa cheusi kwa pasi, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka kikawa kama kodiani. "Hii ni sketi ya shule," akaniambia. "Nimekunja sketi za shule maisha yangu yote. Sikujua nilikuwa najifunza kamera."

Kwa upande mwingine, nyumba yake ilivuja. Kamera zake hazikupitisha hata uzi wa mwanga. Angeweza kukaa siku nzima akitafuta kijitundu kwenye kona ya boksi, tochi mkononi, utepe mweusi mdomoni. Lakini mvua ya Machi ilipoanza, alipanga sufuria sebuleni, kila moja mahali pake pa kila mwaka, na akaendelea na kazi katikati ya ile milio. Mumewe alipomkumbusha habari ya bati alisema atalishughulikia. Nadhani hakuliona. Paa halikuwa na kitufe.

Na pia, mtu huyu aliyeweza kungoja nusu saa kitundu cha sindano kinywe mwanga hakuweza kungoja ugali uive. Alikula ugali mbichi katikati, akiwa amesimama, akisema umeiva.

Tabia yake nyingine ni kwamba aliomba vitu baada ya kuvichukua. Siku moja niliitafuta darubini yangu niliyokuwa natumia kutazama mashamba ya ng'ambo ya bonde, nikaikosa. Nikamkuta nayo mezani, imekwisha kuwa vipande.

"Nilikuja kuiomba jana," akasema, "hukuwepo."

"Kwa hiyo ukaichukua, Mwalimu?"

"Kwa hiyo nikaiomba leo. Naomba darubini yako, Bwana Shamba."

Nikampa, ningefanya nini. Lenzi moja ya darubini ile iliishia kwenye kamera ya bata, na picha zilizotoka zilikuwa safi katikati na zimezungukwa na ukungu pembeni, kama vile unamtazama mtu kwa kupitia dirisha lililopigwa na pumzi. Alinipiga mimi nimesimama kwenye kitalu cha miche ya kahawa. Ninayo hadi leo. Ni picha pekee niliyopigwa ambamo naonekana kama mtu anayekumbukwa na mwingine.

Mumewe alikuwa mtu wa ziwani, fundi wa injini za boti aliyestaafu, mrefu, mwenye kucheka taratibu. Yeye ndiye aliyekaa mbele ya kila kamera mpya kwa ajili ya kujaribia. Kwa hiyo droo moja ya kabati ilijaa mumewe: mume asiye na kichwa, mume mwenye vichwa viwili, mume wa bluu, mume aliyeungua nusu ya uso, mume ambaye ni giza tupu ila kitako cha kiti. Wageni wakija aliwaonyesha mwenyewe, moja baada ya nyingine.

"Tazameni," alikuwa akisema, "mke wangu amenipiga mpaka uso umechakaa."

"Kaa vizuri basi," Mwalimu alimjibu kutoka jikoni. "Ukikaa vizuri nitakupata."

"Miaka yote hii hujanipata?"

"Bado."

Walisemeshana hivyo mbele ya watu bila haya, na sisi tulijua kutazama pembeni.

Sasa niseme habari ya kahawa. Filamu ya papo hapo hujisafisha yenyewe, lakini ile ya kawaida, nyeusi na nyeupe, lazima isafishwe kwa dawa, na dawa zilikuwa hazipatikani tena hata Songea. Yule mwanafunzi wake wa Dar es Salaam akamwambia kwa simu kwamba huko kwingine watu wanasafisha filamu kwa kahawa. Mwalimu hakungoja maelezo yaishe. Tuko Mbinga, kahawa imeota mpaka nyuma ya choo. Tunailima, tunaichuma, tunaikoboa, tunaianika, na nyumbani tunakunywa chai.

Akachukua zile punje mbovu zilizokataliwa kwenye kuchagua, akazikaanga mpaka zikawa kama makaa, akazitwanga, akachemsha. Akaongeza magadi, akaongeza vidonge vya vitamini C vya duka la dawa vilivyosagwa. Harufu yake siwezi kuieleza vizuri. Ilikuwa kama mtu amepika kahawa ndani ya soksi. Filamu za mwanzo zilitoka tupu, zilizofuata zikatoka nyeusi tii. Aliendelea kwa majuma, akibadilisha kijiko hiki na kile, na mumewe akikaa kwenye kiti mbele ya nyumba apigwe tena. Mwishowe, asubuhi moja, alinigongea akiwa ameshika utepe wa filamu unaodondosha maji. Alikuwa hajafunga kilemba vizuri. Dhidi ya mwanga wa mlango niliona vitu vidogo sana, weupe mahali pa weusi: kiti, mlango, mume.

"Shamba letu," akasema kwa sauti ndogo. "Shamba letu limemtoa."

Katika siku hizo alikuja katekista wa kijiji cha Maguu, mzee mnene mwenye adabu nyingi, kuomba ashonewe mapazia ya altare. Mwalimu alikuwa nje anatafuta ndoo. Katekista akaona sufuria imefunikwa mezani na kikombe pembeni, akadhani ni kahawa aliyowekewa mgeni. Akajimiminia, akanywa. Nilikuwepo. Mtu yule alimeza, akaweka kikombe chini taratibu, akautazama msalaba ukutani.

Mwalimu aliporudi akaona kikombe.

"Katekista, umekunywa?"

"Nimekunywa kidogo, Mwalimu. Ni nzuri." Akafikiri. "Ni kahawa ya kule Kitura?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha, akiwa bado anafuta machozi, akampa maji mengi na ndizi, akamweleza. Katekista akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama sasa tumboni mwake kutatokea picha. Mapazia yale alishonewa bure, na urafiki wao ukaanzia hapo.

Ni huyo katekista aliyemwalika kwenye Komunyo ya Kwanza ya watoto Maguu. Mwalimu, kama kawaida yake, akaahidi kupita kiasi. Alisimama kanisani Jumapili moja kabla, akawaambia wazazi kwamba kila mtoto ataondoka na picha yake mkononi siku hiyohiyo. Yule mwanafunzi wake alikuwa ametuma filamu za papo hapo za kutosha, na kamera ya kuzitumia aliijenga upya kutoka kwenye mbili zilizovunjika. Alikuwa na hakika.

Nilimpeleka kwa pikipiki ya kazini, kwenye baridi ya Julai, ukungu umekaa juu ya migomba. Misa ikaisha, watoto wakatoka na mavazi yao meupe, wakapanga foleni mbele ya ukuta wa kanisa. Mwalimu akampiga wa kwanza. Kamera ikaguguna mara moja, ikanyamaza. Picha haikutoka. Mota yake, ile inayozungusha rola mbili za kuibana picha na kuisukuma nje, ilikuwa imekufa.

Akabonyeza tena. Kimya. Nilimwona akipapasa kamera pande zote, akiitikisa karibu na sikio. Kina mama wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Si tulijua. Ni vitu vya kuchezea." Mtoto wa kwanza, kasichana kembamba, alikuwa bado amesimama ukutani na tabasamu lake, hajui kama anaruhusiwa kulitoa.

Mwalimu akamgeukia katekista. "Mkeo ana cherehani?"

"Anayo."

"Ya mguu au ya mkono?"

"Ya mkono."

"Niletee. Na mtu yeyote asiondoke."

Aliingia sakristia na lile vazi lake jeusi, kamera na cherehani ya mke wa katekista. Mimi nilikaa mlangoni kuzuia watu. Ndani nilisikia bisibisi, nikasikia kitu kinaanguka, nikasikia Salamu Maria ikisemwa haraka haraka kisha ikakatizwa na neno la Kimatengo ambalo si la sala. Watoto walianza kutetemeka kwa baridi. Katekista akawaimbisha. Waliimba nyimbo zote walizozijua wakaanza upya.

Alipotoka, kamera ilikuwa na mkono wa kuzungushia ubavuni, ule mpini wa mbao wa cherehani, umefungwa kwenye rola kwa waya na uzi wa kushonea magunia. Akamwita yule kasichana.

"Nimekupiga. Uko humu ndani. Sasa jitoe mwenyewe. Zungusha polepole, kama unasaga karanga."

Kasichana akashika mpini kwa mikono miwili, akazungusha. Picha ikaanza kutoka, nyeupe, inchi kwa inchi, kama ulimi. Foleni yote ikasogea mbele kuona. Ilipotoka yote Mwalimu akaiweka kwenye kiganja cha kasichana.

"Kwapani," akasema. "Baridi hii itakufanya uwe wa bluu. Weka kwapani, usitazame mpaka nikwambie."

Hapo ndipo siku ilipogeuka. Kila mtoto alitaka kujitoa. Walizungusha mmoja mmoja, wazazi wakiwasimamia mabegani, wengine wakiwa wametoa ndimi kwa bidii, kisha wakaenda kusimama juani, ukungu ulipokuwa umeanza kupasuka, mikono imebanwa ubavuni kama ndege wenye baridi. Mwalimu alipotoa ruhusa kwapa zikafunguliwa, uwanja ukajaa kelele za kila mtu kujiona. Waliozungusha polepole walitoka vizuri. Waliokuwa na pupa walitoka na mistari, na mvulana mmoja aliyezungusha kama anayekimbizwa alipata picha iliyopasuliwa na mkanda wa bluu kutoka sikioni mpaka kiunoni.

"Haraka yako imeingia pichani," Mwalimu akamwambia.

Mvulana akaitazama kwa muda mrefu. "Naomba isitoke," akasema, na akaenda kuwaonyesha wenzake ambao hawakuwa na mkanda.

Mwisho wa foleni alikuwa amesimama Paroko, mikono nyuma, akitazama mawingu. Na yeye alitaka kuzungusha. Yule mama aliyesema vitu vya kuchezea ndiye aliyekuja mbele ya Paroko na mtoto wake wa mwisho, akiomba kama inawezekana na huyu, ingawa bado hajafikia Komunyo. Mwalimu akampiga na huyo mtoto. Njiani kurudi, nyuma ya pikipiki, alijisifu mpaka Mbinga.

Niliwahi kumuuliza, nikiwa na simu yangu mpya mfukoni, kwa nini anajitesa. Hakukasirika, ingawa alikuwa mwepesi wa kukasirika. Alisema, "Simu inampiga mtu picha halafu inaondoka naye. Mimi nataka yeye aondoke nayo." Kisha akaomba aione simu yangu, nikamwambia hapana, hata kabla hajaanza kuangalia skurubu zake.

Wao walihama kabla yangu. Mume alichoka na baridi, magoti yalimsumbua, wakashuka kwenda kwao, kijiji cha ufukweni si mbali na Mbamba Bay. Mimi nikabaki na nyumba inayovuja na mpangaji mwingine. Tulipigiana simu sikukuu. Kisha nikahamishiwa wilaya ya Nyasa, na Jumamosi moja, nikitoka kukagua mihogo, nikapita kwao.

Ziwa lilikuwa limetulia, usipa umeanikwa kwenye vichanja kando ya njia, unang'aa. Mwalimu alikuwa uani, amenenepa kidogo, miwani mipya, kamera mpya mapajani iliyojengwa kwa boksi la plastiki la kuwekea chakula. Mumewe alikuwa amelala ndani, alasiri ni ndefu huku.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bwana Shamba. Umekonda. Kaa."

Akanieleza kila kitu, kwa urefu wake. Huku joto linaharibu filamu, picha zinakuwa za njano kama maembe, kwa hiyo anazihifadhi ndani ya mtungi uliozikwa kwenye mchanga wenye maji. Imebaki filamu ya picha moja tu, ameiweka kwa ajili ya kujaribia hii kamera; nyingine hajui zitakuja lini, hata kama zitakuja. Alikuwa bado hajamaliza nilipoona mama mmoja mzee amesimama nje ya ua wa matete, kitenge kizuri, viatu mkononi.

Mwalimu akashusha sauti. Huyo, akasema, ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Familia yao ni Waanglikana tangu zamani, na kaka mtu alipofunga ndoa kwa Wakatoliki, dada alisema hatakanyaga nyumba yao. Hajaikanyaga. Nyumba zao zimetenganishwa na vichanja vya usipa tu. Kila asubuhi Mwalimu humpa shikamoo, naye huitikia marahaba akitazama ziwa, na yanakuwa yameisha.

"Hodi," akasema yule mama, lakini macho yake yalikuwa kwangu. "Wewe kijana ni mgeni?"

"Shikamoo, mama. Mimi ni bwana shamba."

"Marahaba. Mwambie mwenye nyumba, kesho kuna boti inavuka kwenda Malawi. Dada yangu yuko ng'ambo, ni mgonjwa, na mimi kuvuka siwezi tena. Anaomba anione. Mwambie nimesikia ana mashine ya kutoa picha hapohapo."

Mwalimu alikuwa hatua chache kutoka kwangu. Nikamgeukia, sijui kama nirudie maneno yote. Aliishika ile kamera ya boksi kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akainuka, akaenda kwenye mtungi, akachimbua filamu yake, akaiweka kwenye kamera ndani ya vazi jeusi. Akachukua kigoda, akakiweka nje ya ua, kwenye mwanga mzuri, ili yule mama asilazimike kuingia.

Mama akakaa, akavaa viatu, akanyoosha kitenge. Mwalimu akapiga goti kwenye mchanga mbele yake. Akasogea nyuma, akasogea mbele.

"Kidevu juu kidogo, wifi."

Kidevu kikapanda. Kisha yule mama akainua kiganja kumzuia.

"Bwana Shamba," akaniita, bado ananitazama mimi. "Unaweza kuibonyeza hiyo?"

"Naweza, mama, nikionyeshwa."

"Basi ibonyeze wewe." Akasogea ukingoni mwa kigoda, akabaki na nusu ya nafasi. Mkono wake ulikipiga kile kigoda mara mbili. "Dada ataniuliza mke wa kaka yetu yukoje. Hajamwona. Nitamwambia nini?"

Mwalimu alinipa kamera bila kunionya kuhusu kitu chochote, na hilo halikuwa limewahi kutokea. Akaenda akaketi. Kigoda kilikuwa kidogo, ikabidi washikane viunoni wasidondoke. Nikabonyeza.

Picha ilipotoka waliiinamia pamoja, vichwa vimegusana. Vikaanza kutokea vitenge, kisha meno. Ilikuwa ya njano, kweli kama embe, na Mwalimu akaanza kuomba radhi kwa rangi.

"Acha," mama akasema. "Tumependeza. Tunaonekana kama tumetoka kuoga."

Akaifunga picha kwenye pindo la kitenge, akaifunga tena fundo la pili. Nilidhani sasa atashika njia yake. Lakini alivua viatu, akaviweka vizuri kando ya mlango, akapita ndani. Tulimsikia akitembea taratibu sebuleni, akisimama, akitembea tena. Mwalimu hakuthubutu kumfuata. Kisha sauti ikatoka ndani, ya mtu anayeuliza kitu cha kila siku.

"Wifi, maji ya kunywa mnaweka wapi?"